Hiari huru ya nini?

Msomaji anayesoma Augustino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, na Pelagius, mpinzani wake aliyefundisha kwamba mtu anaweza kumtii Mungu kwa kuchagua mwenyewe, anauliza: liberum arbitrium, Kilatini cha uwezo wa mtu kujichagulia, tuiite "hiari huru" au "utashi huru"? Na je, "neema ya bure" si marudio?

"Hiari huru" inaniudhi, nami naikuta kwenye mahubiri, kwenye tafsiri, hata kwenye karatasi za mitihani. Hiari tumeipata kwa Waarabu, na ni kuchagua. Uhuru umo ndani yake tayari. Waliosema "hiari yashinda utumwa" hawakuhitaji kuongeza "huru". Chukua daftari la michango ya harusi. Mwenyekiti amemsimamia mtu mpaka aandike elfu kumi. Nani atasema huyo ametoa kwa hiari iliyofungwa? Tutasema hakutoa kwa hiari, basi. Lazima ikiingia, hiari imeshatoka. Anayeandika "kwa hiari yake huru" amelitia shaka neno lililokuwa zima. Kama anataka mkazo, "kwa hiari yake mwenyewe" ipo, na ni Kiswahili safi.

Utashi ni habari nyingine. Umetoka kwenye kutaka, kama mpishi alivyotoka kwenye kupika, na kutaka kwa mtu kunaweza kutekwa. Katika kitabu cha nane cha Maungamo, masimulizi ya maisha yake, Augustino anasimulia alivyotamani kumfuata Mungu asiweze: alifungwa, asema, si kwa chuma cha mtu mwingine bali kwa utashi wake mwenyewe wa chuma. Tamaa ilizaa mazoea, mazoea yasipozuiwa yakawa lazima. Sasa weka "hiari" badala ya "utashi" hapo, uone sentensi inavyovunjika.

Na ugomvi wenyewe ulikuwa hapo hapo. Pelagius alipoisikia sala ya Augustino, "Nipe unachoamuru, kisha uamuru utakacho," hakuivumilia: mtu akiomba apewe hata utii, wajibu wake umebaki wapi? Augustino alishikilia kwamba mwanadamu bado anataka, ila kutaka kwake kumefungwa, na neema ndiyo inayokufungua. Mfasiri anayeandika "hiari" kila mahali amempa Pelagius ushindi kabla mjadala haujaanza, na msomaji hatajua kilichowagombanisha.

Kwa hiyo andika "utashi huru", au "hiari" peke yake. Kile kitabu Augustino alichowaandikia wamonaki wa Hadrumetum, katika Tunisia ya leo, mnamo 426 au 427, kiite "Neema na Hiari", kinatosha.

"Neema ya bure" naiacha ipite. Kilatini kina gratia (neema) na gratis (bure), maneno ya ukoo mmoja, na Augustino aliyashika yote mawili: isiyotolewa bure si neema. Kwetu sikio halipati undugu huo. Neema ni pia mwaka wa mavuno na ghala lililojaa, na mkulima anajua ghala hilo limemtoa jasho kiasi gani. Hapo "ya bure" ina kazi. Iandike mara ya kwanza, halafu "neema" iendelee peke yake.