Ukifika Mji Mkongwe, soma mlango kuanzia juu

Wengi wakishuka boti kutoka Dar na kuingia Mji Mkongwe, Unguja, jicho lao hukimbilia misumari ya shaba. Ndiyo inayong'aa, ndiyo inayopigwa picha, ndiyo inayorushwa WhatsApp kabla mtu hajafika hata Forodhani. Mimi nikisafiri pwani, milango ndiyo inayonitoa nyumbani, na kila anayeniuliza aanzie wapi namwambia hivi: simama upande wa pili wa uchochoro, iache shaba kwanza, inua macho kwenye kizingiti cha juu, kisha ushuke taratibu.

Huko juu ndiko mwenye nyumba alikoweka neno lake. Milango mingi ya zamani ina aya ya Qur'ani au dua iliyochongwa hapo, na baadhi ina jina la mwenyewe na mwaka wa Hijria. Kama husomi Kiarabu, muulize yeyote aliyekaa karibu. Sijawahi kuona mtu wa Mji Mkongwe akikataa kumsomea mgeni. Na ukibahatika kuukuta mwaka, jifunze hesabu moja tu ya kukusaidia: mwaka 1300 wa Hijria ulianza Novemba 1882. Mlango wenye tarehe hiyo ulichongwa wakati Sultani Barghash akijenga Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, iliyokamilika 1883. Kwa kuongeza au kupunguza kidogo utajua mlango uliosimama mbele yake ni wa enzi gani.

Tarehe isipokuwepo, tazama umbo. Kizingiti kilichonyooka, mlango wa pembe nne, huo kwa kawaida ni mtindo wa zamani, wa Kiswahili na Kiarabu. Ule wenye upinde juu, uliojaa maua na majani yaliyosongamana, ni mtindo uliopendwa zaidi kuelekea mwisho wa karne ya 19, mkono wa mafundi wa Kihindi ukionekana waziwazi. Mimi moyo wangu uko kwa ile ya kwanza. Nakshi yake imepangwa kwa utulivu, nafasi tupu zimeachwa makusudi, na macho yanapata mahali pa kupumzika.

Sasa shuka kwenye miimo, zile nguzo mbili za pembeni. Mara nyingi utaona mnyororo umechongwa ukingoni kote, na chini kabisa samaki, au mawimbi, na kutoka hapo shina linapanda hadi juu likichanua maua. Hapa ndipo watembeza wageni wanapopata la kusema. Samaki ni baraka ya uzazi, mtende ni neema, mnyororo ni ulinzi wa nyumba. Mwingine atakuapia kwamba mnyororo unaonyesha mwenye nyumba alikuwa mfanyabiashara wa watumwa. Wasikilize, lakini usiandike kila kitu kwenye daftari. Ukuu wa Zanzibar ulijengwa kwa karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa, hilo halina ubishi, na milango mingi ya kifahari ililipiwa kwa fedha hiyo. Kuuhukumu mlango mmoja kwa sababu ya nakshi ya ukingoni ni jambo jingine. Ukitaka kujua nyumba ilikuwa ya nani, uliza majirani. Wao hutaja majina na koo.

Katikati, pale mbao mbili zinapokutana, kuna mfaa, ule ubao mwembamba uliosimama wima. Upe muda wako. Fundi hodari huonekana kwenye mfaa, kwa sababu nafasi ni finyu na kosa halifichiki: ua moja likipinda, yote yaliyo juu yake yanapinda nalo.

Baada ya hapo ndipo uende kwenye shaba. Utaambiwa misumari ile iliwekwa kuzuia tembo wasibomoe mlango. Hadithi hiyo ina asili yake India. Unguja hakukuwa na tembo wa vita wa kumwogopa. Shaba iliwekwa kwa sababu ni nzuri na kwa sababu ni ghali, na jirani alitakiwa aione.

Mtaa wa Kiponda, humo humo Mji Mkongwe, nilimkuta bibi mmoja akiisugua misumari hiyo kwa ndimu na majivu. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi." Akajibu, "Marahaba mjukuu wangu, karibu," wala hakuacha kusugua. Nikamsifia mlango. Akafurahi, akausukuma ubao mmoja ukafunguka kwa ndani, akaniambia nitazame chini. Hapakuwa na bawaba. Ubao wote, mzito kiasi kile, unazunguka juu ya ncha yake yenyewe iliyotumbukizwa kwenye tundu la kizingiti, chini na juu. Tundu lilikuwa limelika na kung'aa kama ndani ya kinu. Tangu siku hiyo, jambo hilo ndilo ninalolitazama nikitaka kutofautisha mlango wa kale na ule uliochongwa juzi kwa ajili ya hoteli: mpya mara nyingi una bawaba za dukani.

Bila salamu nisingeyaona hayo. Mlango wa Mji Mkongwe ni mlango wa nyumba ya watu, na baraza iliyo pembeni yake ni sebule yao ya nje. Usipande barazani na viatu ili upate picha ya juu. Usimweke mtu kwenye picha kabla hujamwomba. Nenda asubuhi, jua halijawa kali na vichochoro havijajaa, au baada ya alasiri, wazee wakiwa wametoka kupiga soga. Saa hizo utasalimiwa zaidi ya unavyosalimu, na salamu moja ikipokewa vizuri hufungua mengi.

Kuna milango mingine ambayo wageni huipita bila kuiangalia nayo inanisikitisha zaidi: milango ya maduka ya Kigujarati. Haina samaki wala maua mengi. Ina vipande vingi vyembamba vya mbao vinavyokunjwa kimoja juu ya kingine mpaka duka zima linakuwa wazi kwa mtaa. Mwenye duka akifunga jioni, simama umtazame anavyovikunjua. Ni ufundi mtupu, na unapotea haraka kwa sababu mageti ya chuma ni rahisi.

Kupotea huku si maneno ya kutia chumvi. Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na bado Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka na kuua watu. Nyumba ya mawe ikianza kuvuja, boriti za mikoko zinaoza, ukuta unafuata, na mlango unaanguka na ukuta. Kwa hiyo ukipanga safari, usiseme "mwakani".

Ukimaliza Unguja, nenda Lamu, pwani ya Kenya. Kwa barabara utashuka Mokowe uvuke kwa boti. Kwa ndege utatua Manda, na hapo pia boti. Mji wenyewe uliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001, hauna magari vichochoroni, punda ndio wanaopita. Milango ya Lamu ni ya kiasi zaidi, mingi imetanguliwa na daka, yaani kibaraza cha mlangoni, lenye viti vya mawe pande zote mbili, na uchongaji uko hai. Huko ndiko alikoishi Muhammad Kijumwa, aliyefariki miaka ya 1940, mshairi na mwandishi wa khati ambaye pia alishika patasi. Pita Usita wa Mui ukifuata sauti ya nyundo. Mafundi hufanya kazi mlango wazi, na wengi watakuonyesha jinsi nakshi inavyochorwa kwanza kwa penseli kabla ya kuguswa na chuma.

Kama moyo unataka kununua, nunua kwa mafundi hao. Agiza fremu ya kioo au sanduku, au mlango mpya kama una nyumba ya kuuweka. Mwambie vipimo vya tundu la ukutani kabla hajakata mbao, uliza ni mbao gani, lipa nusu, na mkubaliane nani anabeba mzigo hadi bandarini. Ukipita Bagamoyo, Pangani au Kilwa Kivinje ukaletewa fremu "ya babu" kwa bei ya kutupa, kataa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ya Tanzania Bara inailinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1940, na anayekuuzia kimyakimya hana kibali cha kukuonyesha. Zanzibar na Kenya nazo zina sheria zao za mali ya kale, kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, nenda ofisi ya makumbusho iliyo karibu ukaulize.