Pai kwenye leithi: 22/7, 355/113 na gia ulizo nazo

SWALI: Habari mwalimu. Mimi ni fundi wa leithi (mashine ya kukerezea chuma) hapa Kariobangi, Nairobi. Nikikata skrubu ya kuzungusha gia za moduli, hatua yake (umbali kutoka uzi mmoja hadi unaofuata) ni moduli, yaani kipimo cha ukubwa wa meno ya gia, mara pai, kwa hivyo pai lazima itokane na meno ya gia za kubadilisha. Wengi wetu hutumia 22/7. Nimeambiwa 355/113 ni sahihi zaidi, ila gia ya meno 113 sina. Kuna nyingine? Na kijana wangu wa kidato cha tatu anauliza: kila namba ya aina ya pai, isiyoandikika kamili kama sehemu (namba nzima juu ya namba nzima), ina sehemu nzuri hivyo?

JIBU: Fundi, kabla ya kutafuta gia, pima hasara. 22/7 inazidi pai kwa 0.00126. Kwa moduli 2, kila hatua inazidi kwa milimita 0.0025, skrubu ya mizunguko sita inapotoka kwa 0.015 hivi. Kama ni ya mashine ya kuchanganya saruji, kata uende zako.

Kwa kazi nyeti zaidi, jaribu 399/127. Kosa lake ni 0.00014, karibu mara tisa dogo kuliko la 22/7. Gia ya meno 127 huenda unayo tayari, ndiyo ile ya kutoka inchi kwenda milimita, na 399 ni 19 × 21. Gia za 57 na 63 zikiendesha za 127 na 45 hukupa moja ya tano ya pai. Parafujo kuu ya leithi (inayosogeza kisu) ikiwa ya hatua ya milimita 5, hiyo ni moduli 1 papo hapo. Namba 113 ni tasa, haivunjiki kuwa gia mbili ndogo, ndiyo maana inakusumbua.

Sehemu bora hupatikana hivi. Toa namba nzima, geuza kinachobaki (1 gawanya kwa hicho), kisha rudia. Kwa pai unapata 3, 7, 15, 1, 292... Ukikatiza baada ya kila namba, unapata 3, 22/7, 333/106, 355/113. Kila moja haishindwi na sehemu yoyote yenye namba ya chini ndogo kuliko yake. Ile 292 ndiyo siri: ukikatiza kabla tu ya namba kubwa, kosa linalobaki ni dogo ajabu. Kuishinda 355/113 unahitaji namba ya chini ya 16,604 au zaidi. Zu Chongzhi wa China aliijua tangu karne ya 5, bila kikokotoo.

Sasa kijana. Kila namba ya aina hii ina sehemu zisizo na kikomo ambazo kosa lake ni chini ya 1 gawanya kwa mraba wa namba ya chini, mwanahisabati Dirichlet alithibitisha. Mwaka 1891 mwanahisabati Hurwitz alionyesha kosa hilo linaweza kugawanywa tena kwa kipeuo cha pili cha 5, na hapo ndipo mwisho kwa namba zote kwa pamoja. Uwiano wa dhahabu (namba ya 1.618 hivi) ndio unaozuia: ukiugeuza unatoa 1, 1, 1 milele. Kipeuo cha pili cha 2 hutoa 1, kisha 2, 2, 2 bila kukoma, kwa hivyo hakina bahati kama ya 292. Sehemu zake ni 3/2, 7/5, 17/12, 41/29, 99/70. Mwambie apime karatasi ya A4: milimita 297 kwa 210, yaani 99/70 kamili.