Ardhi haivunjiki, karo je?

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi nakaa Chumbageni hapa Tanga, nyuma ya nyumba kuna mnazi wa siku nyingi umeanza kuinamia jiko la nje, watoto wanacheza pale nikaona bora ukatwe. Fundi wa chensoo amekuja kaangalia kasema ye anaulaza tu uani, nusu saa kazi imekwisha. Shida ni kwamba pale uani kuna karo la choo, kuna bomba la maji la plastiki ambalo halikufukiwa chini sana, na kuna kipande cha pevingi nilichojinyima kweli kukiweka. Nikimwambia ananijibu "ardhi haivunjiki dada". Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ardhi haivunjiki kweli, kinachovunjika ni kile kilicho chini yake, na fundi akishalipwa chake anapanda bodaboda huyoo, we ndo unabaki na karo lililotoboka.

Tupige hesabu kidogo, usichoke. Gogo la mnazi mbichi mita moja tu inaweza kupita kilo 50, kwa hiyo kipande cha mita 2 weka kilo 100. Kikidondoka toka mita 10 kinafika chini na spidi ya kama kilometa 50 kwa saa. Sasa mambo yote yako kwenye namna kinavyosimama: kikigota kwenye kitu kigumu kikasimama ndani ya sentimita 2, kishindo chake ni kama mzigo wa tani 50 umewekwa pale kwa kufumba na kufumbua, lakini kikizama kwenye kitu laini kikasimama ndani ya sentimita 40 inashuka mpaka kama tani 2 na nusu. Gogo lile lile! Ndo maana ukitandika mbao peke yake juu ya pevingi hujafanya kitu, unataka kitu kinachobonyea taratibu.

Na hapo sisi watu wa pwani tuna bahati, makumbi ya nazi hayatushindi. Jaza kwenye viroba bila kushindilia, panga mbao pana chini ili mzigo usambae, viroba juu yake, halafu funika na makuti na matawi mengi mpaka lundo likufike kiunoni. Tairi kuukuu nazo nzuri ila zina tabia ya kurusha, gogo likitua linaruka pembeni, kwa hiyo zifunge pamoja kwa kamba na zisikae peke yake.

Kosa la wengi ni kuweka hayo malundo karibu na shina. Mnazi ukilazwa mzima kinachokwenda mbio ni kichwa, mnazi wa mita 15 ncha yake inatua na spidi ya kama kilometa 75 kwa saa wakati huku kwenye kisiki hata mwendo haupo. Lundo nene likae kule kichwa kitakakotua. Na kama shina bado zima, mkwezi apande kwanza aangue nazi zote na makuti, uzito unapungua na hayo makuti unayatandika hapo hapo.

Bomba ni rahisi. Laza magogo mawili, moja kila upande, kama mita moja mbali na bomba, viroba juu yake, ili mnazi ulalie magogo usiguse katikati. Siku hiyo funga koki ya kwenye mita.

Karo sasa, hapo sina mzaha. Mfuniko ni zege na chini yake ni uwazi, usiweke tairi ukajipa moyo. Niliwahi kushuhudia kipande kifupi tu, hata mita haifiki, kimetua kwa kichwa kwenye udongo wa masika kikasimama wima kama mwiko kwenye ugali, fikiria ndo mfuniko wako. Ama mnazi uelekezwe kwingine kabisa, ama ukatwe vipandevipande vya nusu mita vishushwe kwa kamba: kamba inapita kwenye puli iliyofungwa chini ya anapokata, inazungushwa mara 2 au 3 kwenye mti mwingine imara, wa chini analegeza polepole. Ila kama shina limeoza mtu asipande, hapo tafuta upande mwingine wa kuulaza hata ikibidi jiko la nje livunjwe, jiko utajenga tena.

Watu wakae mbali angalau mara mbili ya urefu wa mnazi, waya wa umeme ukiwa karibu waite TANESCO kwanza, na serikali ya mtaa uwaulize habari ya kibali. Fundi akikataa haya yote kwa kuwa anawahi, mwache awahi.

SWALI: Mjomba hapa Bagamoyo tulikata mwembe wakati wa mvua, kirikuu kikaingia mara nyingi kubeba magogo, sasa pale kilipopita maji yanatuama na nyasi hazioti. Nimwage mchanga?

JIBU: Mchanga utaficha tu. Udongo umeshindiliwa, subiri uwe na unyevu ila usinate kwenye jembe, uchimbue sentimita 20 hadi 30, changanya samadi, funika na majani makavu. Safari nyingine gari lipite njia moja tu, maana matairi yanaharibu zaidi mara za mwanzo kuliko za baadaye, na tandika matawi ya huo huo mwembe kwenye hiyo njia kabla halijaingia.