Malkia Gicanda hakukimbia
Ndugu, umeuliza kama malkia wa mwisho wa Rwanda alikimbilia uhamishoni baada ya mumewe kufa. Hapana. Rosalie Gicanda aliolewa na Mwami (mfalme) Mutara III Rudahigwa mwaka 1942. Mwami akafariki ghafla Usumbura (leo Bujumbura, Burundi), Julai 1959, wakiwa hawajajaliwa mtoto. Ufalme ukafutwa, wengi wakatawanyika, yeye akabaki Butare, mji wa kusini mwa Rwanda, akiishi kimya kimya na mama yake mzazi, na watu wakaendelea kumpenda na kumheshimu. Tarehe 20 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, wanajeshi walimtoa nyumbani wakamuua kwa risasi. Mama mjane, hana cheo wala silaha! Inaniuma hadi leo. Aliyetoa amri, Kapteni Ildephonse Nizeyimana, alihukumiwa na mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya Rwanda hapa kwetu Arusha mwaka 2012.