Jibu kwa mdau wa Njombe: watoto wa maktaba wanaogopa kupima walichojenga

Mkuu, nimelisoma swali lako lote. Unasema watoto wa miaka 8 hadi 13 wanakuja maktaba kila Jumamosi, wanajenga madaraja na vinyumba vya kupendeza, lakini ukifika wakati wa kupima wengine wanakataa, wengine wanalia, na shughuli inaishia kupiga picha. Umeuliza pia kama kuweka zawadi kutasaidia. Mimi ni fundi ujenzi hapa Mbeya, na Jumamosi huwa nakaa na watoto maktaba kwa kazi za namna hiyohiyo. Nitakujibu kwa yale ninayoyaona pale.

Tuanze na muda, maana naona ndio chanzo. Kwa maelezo yako, saa mbili karibu zote zinaliwa na kujenga, kisha robo saa ya mwisho ndiyo ya kupima. Mtoto aliyehangaika na gundi muda wote huo ameshamaliza kazi moyoni mwake. Ukija na mzigo hapo, kwake wewe ni mharibifu tu, na ana haki ya kulia. Geuza mpango. Mpe dakika ishirini ajenge kitu cha harakaharaka ilimradi kisimame, kipimwe, kivunjike, halafu muda wote uliobaki uwe wa kurekebisha na kupima tena. Somo lenyewe liko kwenye kurekebisha. Kujenga mara ya kwanza ni kupata kitu cha kuanzia.

Na waambie mapema, kabla hata hawajashika mkasi, kwamba hiki cha leo tutakipakia mpaka kishindwe. Kila mmoja achore chake kwenye daftari kabla ya kupima, ili umbo lisipotee likianguka. Mzigo auweke mwenye kazi kwa mkono wake mwenyewe. Hili usilichukulie kwa wepesi hata kidogo: mtoto akiwa ndiye anayeongeza mzigo, macho yake yanaacha kukutazama wewe na yanahamia kwenye daraja.

Sasa namna ya kupima. Sogeza meza mbili ziachane sentimita 40, na nafasi hiyo iwe ileile kwa watoto wote, la sivyo hakuna cha kulinganisha. Daraja likae juu bila kugundishwa kwenye meza. Katikati ning'iniza ndoo ndogo kwa kamba, chini yake tandika boksi lililokunjuliwa, na miguu ikae mbali. Wamwage mchanga kikombe kimoja kimoja, wakipumzika kidogo kila baada ya kikombe. Ikiwa huna mizani, tumia chupa za maji za nusu lita: lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo kila chupa iliyojaa unaihesabu nusu kilo na wadogo wanajumlisha wenyewe.

Wakati wa mapumziko yale kati ya kikombe na kikombe ndipo unapouliza. Usiulize "unaonaje?", utajibiwa "vizuri". Uliza: wapi panapinda? Kipi kimesogea? Unadhani pataanza kuachia wapi? Aonyeshe kwa kidole kabla halijaanguka. Likishaanguka, swali la kwanza liwe moja tu: palianzia wapi?

Nikupe mfano mmoja. Kuna binti wa darasa la nne aliyejenga kwa vijiti vya mishikaki na gundi ya karatasi. Daraja likaenda chini mapema. Akakimbilia kuchukua vijiti vingine, anataka kuongeza pembeni, katikati, kila mahali. Nikamwomba kwanza aniokotee vijiti vyote vilivyovunjika. Akatafuta sakafuni kote, hakukuta hata kimoja. Vyote vilikuwa vizima, vimeachana tu kwenye maungio. Alikaa akivitazama, kisha akauliza kama inaruhusiwa kufunga kwa uzi. Akafunga kila ungio kwa uzi wa kushonea, vijiti vilevile, umbo lilelile, na safari hii ndoo ikabeba mchanga kiasi cha wenzake kuacha kazi zao na kuja kuangalia. Mwishowe kijiti cha chini katikati kilikatika kweli, na hapo sasa palikuwa na sababu ya kuongeza kijiti, tena palijulikana kiongezwe wapi.

Angalia alichofanya: alibadili kitu kimoja tu. Hiyo ndiyo kanuni ninayoisimamia kwa ukali kuliko zote. Mtoto akibadili maungio, urefu na umbo kwa mkupuo, daraja likibeba zaidi hatajua ni kipi kilichosaidia, na likibeba kidogo hatajua kipi kilichomwangusha. Bandika manila ukutani yenye safu nne: toleo la ngapi, nimebadili nini, limebeba kiasi gani, limeanza kuharibika wapi. Ile safu ya mwisho ndiyo wanayoisahau, nawe uwakumbushe bila kuchoka.

Vishawishi vya kuwasaidia vitakuwa vingi. Wewe mtu mzima unaona kabisa kwamba zile pembe nne zitalala upande kwa kuwa hakuna mshazari, yaani kijiti cha kukatiza kutoka kona hadi kona. Funga mdomo. Mpe vijiti vinne vilivyoungwa pembe nne na vitatu vilivyoungwa pembe tatu, avisukume kwa kidole. Cha pembe nne kinalala, cha pembe tatu kinagoma. Baada ya hapo mtoke nje mtazame kenchi, zile mbao za kubeba paa, la jengo lolote linaloezekwa jirani, ataziona pembe tatu mwenyewe na ataanza kukufundisha wewe. Kwa wazazi wanaokuja kusubiri watoto, waombe kwa upole wasishike gundi.

Jambo ambalo maktaba inalo na uwanja wa shule hauna ni vitabu, na watu wengi wanavitumia kwa mpangilio usiofaa: wanawasomea watoto kuhusu madaraja kwanza, kisha wanajenga. Mimi navipeleka baada ya kuvunjika. Mtoto ambaye daraja lake limeachia katikati anafungua kitabu akitafuta kitu, anapitia picha akitazama katikati ya kila daraja. Hapo zungumzia na vya kwetu. Watoto wa Rungwe wengi wamefika Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira: jiwe lile limejipinda kama tao, uzito wake unasukumwa kwenda kingo mbili, ndiyo maana limekaa bila nguzo. Aliyepanda treni ya TAZARA kupitia Mlimba na Makambako ameyaona mahandaki na madaraja yaliyojengwa kupandisha reli milimani kati ya 1970 na 1975. Muulize alihesabu nguzo?

Kwa wale wakubwa wanaojiona wamemaliza kwa sababu daraja limebeba ndoo nzima, wasimulie habari ya daraja la Tacoma Narrows kule Marekani. Lilifunguliwa Julai 1940, likabeba uzito wa magari bila shida, na Novemba mwaka huohuo likaanguka kwa upepo. Uzito ulipimwa, lakini upepo ulilisukasuka na kulizungusha kwa namna ambayo wasanifu hawakuitarajia. Lililolifuata, lililofunguliwa 1950, lilijaribiwa kwanza kwa modeli kwenye upepo wa kutengenezwa. Baada ya kusimulia, washa feni uilekeze kwenye madaraja yao. Kazi inaanza upya, na safari hii hakuna anayenung'unika.

Usibaki kwenye madaraja peke yake. Nyanda zetu zina matatizo ya kutosha. Mvua za huku kuanzia Novemba zinakupa paa: kinyumba cha boksi, chupa iliyotobolewa kizibo kwa matundu madogo, unga mkavu ndani kuonyesha panapovuja. Baridi ya Juni na Julai inakupa boksi la kutunza chai ya moto. Moja lijazwe majani makavu, jingine matambara, jingine lisijazwe kitu, kiasi cha maji kiwe kimoja, na joto lisomwe kila baada ya dakika kumi. Maji ya moto amimine mtu mzima, hapo hakuna mjadala. Na ujiandae kwa swali moja zuri sana. Hapa Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na watoto watakwambia kipimajoto kimeharibika kwa kuwa shuleni wameambiwa ni 100. Huko kwenu ni juu zaidi, itasoma chini ya hapo kidogo. Usiharakishe kueleza habari ya mgandamizo wa hewa. Waache kwanza wakijaribu kipimajoto kingine, maana kukikagua kifaa cha kupimia nako ni sehemu ya kupima.

Magari ya waya na visoda nayo ni mazuri, ila hayo usiyapime mara moja. Gari lilelile kwenye mteremko uleule litafika mbali leo, kesho litagonga kokoto. Literemshwe mara tatu, waandike zote, wachukue ya kati. Kelele zipange na mkutubi mapema, baraza ya nje inatosha.

Kuhusu zawadi: kwa daraja lililobeba zaidi, nakushauri uache kabisa. Nimeona shindano la namna hiyo mahali fulani, na watoto walikuwa wanaficha madaraja yasipimwe kabla ya siku yenyewe, yaani walikimbia kile tunachotaka wakifanye. Aliyezidi kubeba mara nyingi alikuwa ameletewa gundi nzuri kutoka nyumbani. Ukitaka kumtambua mtu, mpe nafasi mbele ya wenzake aeleze safari ya kazi yake kutoka toleo la kwanza hadi la mwisho, akiwa ameyashika yote mawili mkononi. Kwa hiyo usitupe yaliyovunjika. Tafuta boksi moja kubwa, kila kipande kiandikwe jina na namba ya toleo. Jumamosi ijayo waanzie hapo, na wageni watakaojiunga wapewe la mtu mwingine lililoshindwa wakisie palianzia wapi.