"Mwalimu, mwenyewe ameiona?"

Mleta mada anauliza kama mtu anaweza kutengeneza filamu za hali halisi kuhusu haki za wanyonge na papo hapo akafundisha, au darasa litaiua kazi yake. Mkuu, nimefanya yote mawili kwa miaka 14. Kwangu darasa ndilo lililoiokoa kazi.

Mwaka wangu wa tatu kufundisha, niliwaonyesha wanafunzi filamu niliyokuwa bado nahariri, ya familia iliyotolewa kwa nguvu kwenye nyumba yake. Kuna mahali mama anahesabu vyombo vilivyotupwa nje, anafika kwenye sufuria la tatu, analia. Nilikipenda mno kipande kile. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, mwenyewe ameiona?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na fomu ya ridhaa yenye saini ya yule mama, basi. Wiki iliyofuata nikampelekea. Alitazama kimya hadi mwisho, akasema kilio chake kibaki, ila nimtoe mwanawe anayepita kwa nyuma, maana wenzake shuleni hawajui yaliyowapata. Miezi 7 nilikuwa nakitazama kipande hicho na yule mtoto sikumwona kamwe.

Tangu hapo sifungi filamu kabla wahusika hawajaiona. Wapo waliolifanya hili zamani. Mwaka 1967 Colin Low, wa Bodi ya Filamu ya Taifa ya Kanada, alirekodi wavuvi wa kisiwa cha Fogo waliokuwa wakishinikizwa kuhama. Waliona picha zao kwanza na waliweza kukataa kipande. Kisha kijiji kikawatazama wa kijiji kingine, na wakuu wa serikali nao wakatazama. Wavuvi wakaunda chama cha ushirika, wakabaki kisiwani. George Stoney, Mmarekani aliyeongoza kuanzia 1968 Challenge for Change, mpango wa bodi hiyo uliozaa filamu za Fogo, baadaye alifundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha New York bila kuacha kutengeneza filamu. Fuatilia maisha yake.

Kuhusu pesa: mshahara huja kila mwezi, ruzuku haziji hivyo. Muda ndio mgumu. Mimi narekodi wakati wa likizo, muhula mzima nahariri usiku.

Na kabla hujasaini mkataba wa kufundisha, uliza filamu iliyorekodiwa kwa kamera za chuo ni mali ya nani. Mimi sikuuliza. Filamu yangu moja bado iko kabatini kwao, na watu waliomo ndani yake huniuliza wataiona lini.