Unataka kusomea lishe? Ushauri kwa wadogo zangu wa Kigoma

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, napata ujumbe kutoka Ujiji, Kasulu mpaka Kibondo: "Dada, nimechaguliwa lishe. Niende au nibadilishe kozi?" Nawajibu wote hapa.

Nenda, kama unaipenda kemia.

Naanza na hilo kwa sababu wengi huijaza kozi hii wakidhani ni mapishi yaliyoongezewa nadharia. Mimi nilisoma Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na masomo yaliyobeba uzito yalikuwa biokemia, fiziolojia na takwimu. Utalifuatilia tonge la ugali tangu mate yanapoanza kuuvunja wanga na kuugeuza sukari, hadi homoni ya insulini inapoisaidia sukari hiyo, yaani glukosi, kuingia kwenye seli. Usikariri ili ufaulu tu. Iko siku mama mwenye kisukari atakuuliza kwa nini uji umempandishia sukari wakati hakutia hata kijiko kimoja, na jibu lake limo kwenye daftari lile la biokemia ulilotaka kulichoma.

Lakini kemia peke yake haitoshi wodini. Analetwa mtoto miguu imevimba. Unabonyeza kila mguu kwa kidole gumba sekunde 3, ukiachia, kishimo kinabaki. Kwashiakoo, utapiamlo mkali unaovimbisha mwili. Unaagiza maziwa maalumu ya F-75, ambayo yana kilokalori 75 tu kwa kila mililita 100, apewe kidogo kidogo kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana. Bibi yake amesimama pembeni na hotpoti la ugali na samaki aina ya mgebuka, haelewi kwa nini mtoto aliyekonda hivi ananyimwa chakula cha maana. Wewe unajua kwamba akilishwa sana kwa ghafla insulini itapanda, madini ya fosfati na potasiamu yatakimbilia ndani ya seli, yapungue kwenye damu, na moyo unaweza kusimama. Huwezi kumwambia bibi maneno hayo. Mimi husema, "Shikamoo bibi. Chakula chako ni kizuri na tutakihitaji akipata nafuu. Kwa sasa mwili wake hauna nguvu ya kukipokea." Kisha namwomba yeye mwenyewe ashike kikombe amnyweshe. Bibi akidharauliwa, hotpoti litafunguliwa ukigeuka tu.

Jambo jingine ni kukijua chungu cha kwenu. Mawese yetu yana wekundu wa karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Ukiyaunguza mpaka wekundu uishe, karotini nayo imekwenda. Dagaa akiliwa mzima na miiba yake anakupa kalsiamu pamoja na protini. Ugali wa muhogo unashibisha, ila protini yake ni ndogo mno, kwa hiyo mboga ya pembeni ndiyo inayoukamilisha mlo. Mgonjwa wa Kibirizi ukimwandikia vyakula asivyovijua wala kuvimudu, karatasi yako itafungia karanga.

Na kazi ipo kweli. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Ziwa tunalo, michikichi tunayo, maharage yanalimwa, na bado mtoto anaachiwa uji mwepesi asubuhi wakati mama yuko mwaloni akianika dagaa wa kuuza. Hili linaniuma, na ndilo lililonirudisha nyumbani.

Ajira? Hospitali na halmashauri zina maafisa lishe, na mashirika yanayohudumia wakimbizi, kama kule Nyarugusu, huwahitaji pia. Ila nafasi hazimiminiki. Jiandae kujitolea kwa muda baada ya kuhitimu, na wazazi waambie mapema ili wasione umepotea. Sifa za kujiunga zisome kwenye mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka wako, usitegemee wa kaka yako, na fomu ya Bodi ya Mikopo usiiache hadi siku ya mwisho, mtandao utakuangusha.

Kama bado una miezi ya kukaa nyumbani, nenda zahanati ya karibu siku ya kliniki ya watoto, uombe kusaidia kwenye mizani. Kaa na kina mama kwenye benchi, uwaulize jana watoto walikula nini, saa ngapi, na nani aliwalisha. Ukirudi nyumbani jioni bado una hamu ya kuuliza zaidi, thibitisha nafasi yako.